Walter Noel, mgonjwa aliyekuwa mwanafunzi

Wenzangu, ikitajwa sikoseli (selimundu), vitabu humsifu Dkt. Herrick wa Chicago. Mimi ninayeishi nayo namheshimu zaidi mgonjwa wake.

Walter Clement Noel alitoka Grenada mwaka 1904, umri miaka 20, kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Desemba hiyohiyo akalazwa: kikohozi, homa, pumzi zinakata, vidonda miguuni. Daktari mwanagenzi, Ernest Irons, akapima damu na kuona chembe zilizopinda kama mundu. Dawa hakuna. Leo tuna haidroksiurea. Hiyo gesi ya ozoni wanayotushawishi tuinunue haijathibitishwa vya kutosha, kwa hiyo ukibanwa kifua kimbia hospitali usiku huohuo, mtihani utangoja!

Jamaa aliingia na kutoka wodini miaka miwili na nusu, lakini masomo hakuacha. Alihitimu 1907, akarudi nyumbani kung'oa watu meno mjini St. George's. Herrick alichapisha habari zake mwaka 1910 bila kumtaja jina. Noel alifariki 1916 kwa maradhi ya kifua, miaka 32 tu, akazikwa Sauteurs, kando ya baba yake.