Robert Moog, fundi wa vinanda aliyepokonywa jina lake

Anayekusanya sahani za santuri za roki ya vinanda ya miaka ya 1970, za Emerson, Lake & Palmer, Yes na hata za vikundi visivyojulikana sana, anasikia ndani yake kazi ya fundi mmoja Mmarekani: Robert Moog.

Alizaliwa New York tarehe 23 mwezi wa tano mwaka 1934. Baba yake alikuwa enjinia. Mama yake alitaka ajifunze piano. Mwaka 1964, akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch, alitengeneza sintetizeri, chombo kinachozalisha sauti kwa umeme. Mitambo ya kwanza ilikuwa mikubwa kama kabati, imejaa nyaya. Keith Emerson aliupandisha mmoja jukwaani. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ndogo ya kubebeka, ambayo Rick Wakeman wa Yes aliipenda sana.

Lakini sifa haikulipa madeni. Mwaka 1971 Moog aliuza kampuni yake, na jina lake likauzwa pamoja nayo. Alipoondoka mwaka 1977, hakuruhusiwa kuliandika tena kwenye vinanda alivyotengeneza kwa mikono yake. Alianza upya na karakana ndogo yenye jina lingine, Big Briar.

Alilirudisha jina hilo mwaka 2002, baada ya kulipigania kisheria. Alilifurahia miaka mitatu tu: uvimbe wa ubongo ulimuua huko Asheville tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 2005, akiwa na miaka 71.