Kawawa: Kiongozi wa migomo aliyekuja kuibana migomo

MKATA mkonge wa Tanganyika ya kikoloni, kuanzia Tanga hadi mashamba ya tambarare yaliyo chini ya milima ya Upare, kama Ndungu wilayani Same, hakuwa na ofisa utumishi wa kumpelekea malalamiko. Alikuwa na kipande, kadi iliyomtaka akamilishe siku 30 za kazi ndani ya siku 42 ndipo alipwe. Siku ambayo ngwe yake haikumalizika haikuhesabiwa.

Miongoni mwa watu walioigeuza hali ya wafanyakazi wa aina hiyo kuwa ajenda ya kitaifa ni Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 wilayani Songea, mtoto wa msasi wa tembo. Alisoma hadi Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akaacha nafasi ya kuendelea Makerere ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake. Akawa karani wa hesabu katika idara ya ujenzi, baadaye akahamia ustawi wa jamii, ambako pia aliigiza katika filamu. Wengi wa rika lake walimwona kwanza akicheza Muhogo Mchungu, kabla hawajamsikia jukwaani.

Kazi yake halisi ilianzia katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, alikochaguliwa kuwa rais. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa Oktoba 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha ajira ya serikali, uamuzi mzito kwa mtu aliyekuwa akiwalea ndugu zake kwa mshahara huo huo. Katika miaka ya uongozi wake Dar es Salaam ilishuhudia mgomo wa watumishi wa majumbani na wa hotelini, na mwaka 1958 wananchi walisusia bia kuwaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha bia.

Kisha meza ikageuka. Januari 22, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, nafasi hiyo alipewa Kawawa. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria zilizopeleka migogoro ya kazi kwenye usuluhishi wa lazima, hivyo mgomo halali ukawa adimu mno, na watumishi wa serikali wa mishahara ya juu wakazuiwa kujiunga na vyama. Mapema 1963, Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani na rais wa TFL, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali. Waliowahi kugoma pamoja na Kawawa hawakusahau jambo hilo, na si rahisi kuwalaumu.

Hata hivyo hesabu yake haiishii hapo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungwa na TANU. Lakini mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama wa Kazini, iliyounda kamati za wafanyakazi na kumnyima mwajiri uhuru wa kumfukuza mtu papo kwa papo bila kufuata utaratibu. Mfanyakazi alipoteza silaha ya mgomo. Alipata kinga dhidi ya hasira za bosi. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kawawa alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, akawa tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, kisha Waziri wa Ulinzi, na baadaye Katibu Mkuu wa CCM. Alifariki dunia Desemba 31, 2009, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam.