Thomas Parke, munganga wa jeshi aliyemponya mtu aliyekuja kuivamia Bunkeya

KOLWEZI – Mjini Dublin, nchini Ireland, mbele ya jumba la makumbusho ya viumbe, imesimama sanamu ya daktari wa jeshi aitwaye Thomas Heazle Parke. Chini yake umechongwa mchoro wa mtu anayenyonya kidonda kifuani mwa mwenzake. Aliyejeruhiwa ni William Stairs, na jina hilo Wayeke wa Bunkeya hawajalisahau.

Parke alizaliwa mwaka 1857 katika jimbo la Roscommon. Alisomea udaktari Dublin, na mwaka 1881 akaingia jeshi la Uingereza, lililokuwa likitawala nchi yake pia. Alihudumu Misri, akapambana na kipindupindu, kisha akaenda Sudan na kikosi kilichotumwa kumwokoa Jenerali Gordon na kufika akiwa amekwisha kuuawa.

Mapema mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita Misri akitafuta watu wa kwenda kumtoa Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Parke akajiunga. Walipanda meli Zanzibar pamoja na Tippu Tip na wapagazi wapatao 600, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo, wakaanza kupanda.

Tarehe 13 Agosti 1887, kwenye mto Aruwimi, wenyeji waliwarushia mishale yenye sumu. Wanakijiji hao walikuwa wakilinda chakula chao, maana msafara ule ulikula mashamba ya watu kila ulipopita. Stairs alichomwa kifuani, karibu na moyo, na mshale ukavunjikia ndani. Parke aliinama akainyonya sumu kwa mdomo wake, akijua kwamba ingeweza kumuua yeye mwenyewe. Stairs akapona, ingawa kile kipande kilikaa mwilini mwake zaidi ya mwaka mmoja kabla Parke hajakitoa. Wazanzibari kadhaa waliochomwa siku ile walikufa kwa mateso makali. Hao hawana sanamu.

Baadaye Parke aliachwa Ipoto, kambi ya Wamanyema waliowinda pembe na watumwa, akiwatunza wagonjwa. Ilikuwa miezi ya njaa. Wenye kambi waliwauzia chakula kwa nguo na bunduki zao, hadi Stairs aliporudi kuwachukua Januari 1888. Kabla ya safari kwisha, daktari huyu alimnunua msichana Mbilikimo kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Msichana alimtumikia zaidi ya mwaka, akamuuguza alipoanguka kwa malaria, kisha akaachwa njiani, kwa maelezo kwamba macho yake hayakuweza kuvumilia jua nje ya msitu. Wanaomsifu Parke kwa huruma huipita habari hii haraka sana.

Msafara ulifika Bagamoyo Desemba 1889. Kati ya wapagazi walioondoka Zanzibar, ni karibu theluthi moja tu waliorudi. Parke alitunukiwa nishani ya dhahabu ya chama cha madaktari wa Uingereza na nishani ya Nyota ya Zanzibar, akaandika kitabu, akahesabiwa kuwa Muirlandi wa kwanza kuvuka Afrika.

Stairs naye aliajiriwa na watu wa Mfalme Leopold. Aliingia Bunkeya Desemba 1891 akiwa na Muirlandi mwingine, Dokta Joseph Moloney, akamtaka Mwami M'siri aipokee bendera ya Dola Huru la Kongo. M'siri alikataa, na tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akafa. Hivyo shaba ya Katanga, pamoja na ile ambayo baadaye ilichimbwa Musonoi na Kamoto, ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Ni kweli kwamba hata bila Stairs, Leopold angemtuma mwingine. Le Marinel na Delcommune walikuwa wamekwisha kufika kwa M'siri mwaka huohuo, wakaondoka mikono mitupu. Lakini aliyefaulu ni yule aliyenyonywa sumu Aruwimi.

Stairs hakufaidi. Malaria ilimuua Chinde, Msumbiji, Juni 1892. Parke alimfuata mwaka 1893, akiwa Scotland, na umri wake miaka 35 tu. Mwili wake ulirudishwa Ireland ukazikwa Drumsna, karibu na alikokulia.