Dunlop, munganga wa nyama aliyetia hewa ndani ya pine

Kila asubuhi bisi za kazi zinabeba wandugu wetu kwenda mu mine, na magurudumu yake yanazunguka juu ya hewa. Mutu aliyefanya hewa hiyo ijulikane dunia nzima ni John Boyd Dunlop. Jina lake tunalisoma juu ya pine, lakini maisha yake ni wachache wanaoyajua.

Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1840 huko Dreghorn, kijiji cha Uskoti, ndani ya familia ya walimaji. Alisomea umunganga wa nyama kule Edinburgh, kisha mwaka wa 1867 akahamia Ayalandi. Alitunza farasi na ngombe, na kazi yake ikakua sana mu muji wa Belfast.

Mutoto wake alikuwa na kinga ya magurudumu tatu. Wakati ule magurudumu ya kinga yalivalishwa mupira mugumu, bila hewa, na barabara za mawe zilitikisa mwili wote. Mwaka wa 1887 Dunlop alichukua duara la mbao, akalizungushia mupira mwembamba, akaujaza hewa na pompi. Akalisukuma ndani ya kiwanja, kisha akasukuma gurudumu la kinga. Lile la kinga lilisimama njiani. Lile la hewa lilifika mwisho, likagonga mulango na nguvu ikiwa bado.

Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1888 alipata brevet. Watu walicheka pine zile nene, lakini mwezi wa tano 1889 Willie Hume alishinda mashindano ya kinga Belfast juu yake, na kicheko kikaisha. Harvey du Cros akaingia kufungua kampuni. Baadaye ikaonekana kwamba Robert William Thomson, naye mutu wa Uskoti, alipata brevet ya wazo lile lile tangu 1845. Ya Dunlop ikaanguka. Alitoka mu kampuni bila mali kubwa, jina lake likabaki kwa wengine. Alikufa Dublin tarehe 23 mwezi wa kumi 1921.

Kuna upande ambao sisi hatuwezi kuuruka. Juu ya pine, dunia ilitaka kauchu mingi sana, na mingi ilitoka hapa kwetu. Chini ya Léopold II, mpaka 1908, wankambo wetu walilazimishwa kukamua kauchu mu pori. Vijiji vilichomwa, mikono ikakatwa. Dunlop hakuamuru mabaya hayo, yeye alitafutia mutoto wake raha. Lakini faida ilienda mbali, na maumivu yakabaki kwa mutumikaji. Njo maana tunasema: kama pine ililipwa na damu, isitoke tena damu juu ya uzembe.

Pine za Dunlop za kwanza zilikuwa laini. Ile mifereji tunayoita meno ilikuja nyuma, na kazi yake ni kutoa maji chini ya gurudumu. Meno yakiisha, mvua ikinyesha, motokari inaelea juu ya maji na freni haishiki. Pine mupya ya motokari ndogo ina meno ya karibu milimetre 8. Ulaya sheria inakataza kushuka chini ya milimetre 1,6. Angalieni ndani ya mifereji: kuna vinundu vidogo. Pine ikifika sawa na vinundu, imekufa. Pimeni upande wa ndani, katikati na upande wa inje, kwani pine inaweza kulika upande mumoja tu.

Wandugu madelege, pelekeni jambo hili mu kamati ya usalama mbele ya mvua. Na wewe unayepanda bisi, inama dakika moja uangalie. Ukiona pine imekwisha, sema na shofere, kisha ita delege wako. Kuuliza hivyo hakuna aibu, watoto wanakungojea nyumbani.