Sheikh Muhammad Abduh na nyama ya Transvaal



Ndugu zetu wanaosafiri na kusoma katika nchi za Wakristo hawaachi kutuuliza: je, nyama inayouzwa huko ni halali kwetu? Kabla ya kujibu, leo tumependelea kumkumbuka mwanachuoni aliyeulizwa suala hilo hilo mwaka 1903, akatoa jibu lililomletea maudhi makubwa.

Sheikh Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika familia ya wakulima wa Misri ya Kaskazini, akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr. Alipopelekwa Tanta kusoma katika msikiti wa Ahmadi alikata tamaa na kutoroka, kwani masomo ya nahau yalifundishwa kwa namna asiyoifahamu hata kidogo. (Wengi wetu tuliopita madrasa tunaijua hali hiyo.) Aliyemrejesha katika elimu ni mjomba wa baba yake, Sheikh Darwish, mtu wa tasawwuf. Mwaka 1866 akaingia Al-Azhar, na huko Cairo akawa mwanafunzi wa Jamaluddin Al-Afghani.

Baada ya machafuko ya Urabi ya mwaka 1882 alifukuzwa nchini, akakaa Beirut, kisha Paris, ambako mwaka 1884 yeye na mwalimu wake walitoa gazeti la Al-Urwatul Wuthqa. Aliporudi Misri akawa kadhi, na mwaka 1899 akateuliwa kuwa Mufti wa Misri.

Mwaka 1903 yakamfikia maswali matatu kutoka Transvaal, huko Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imetoka vitani na kuingia mikononi mwa Waingereza. Waislamu wa huko walikuwa wachache, wakiishi na kufanya biashara katikati ya Wakristo. Swali moja lilihusu uvaaji wa kofia za Kizungu. La pili, Shafii kuswali nyuma ya Hanafi. Na la tatu ndilo lililowasha moto. Wakristo wa Transvaal walikuwa wakimpiga ng'ombe kwa shoka kisha wakimchinja, na wala hawakutaja jina la Mwenyezi Mungu, si kwa ng'ombe wala kwa kondoo. Je, Muislamu ale?

Sheikh alijibu kuwa inafaa. Hoja yake aliijenga juu ya aya ya tano ya Suratul Maida, inayotuhalalishia chakula cha Ahlul Kitab, na akaitegemea kauli ya Abu Bakr Ibnul Arabi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Andalus, aliyeona kuwa kile wanachokila wao kwa mujibu wa dini yao ni halali kwetu, ijapokuwa namna yao ya kuua si yetu.

Magazeti ya Cairo yakamvamia. Yalidai kuwa Mufti amehalalisha mnyama aliyekufa kwa kipigo, ambaye aya ya tatu ya sura hiyo hiyo imemharamisha waziwazi. Baadhi ya waliopiga kelele hawakuwa na uchungu wa dini; Khedive Abbas Hilmi alikuwa amekwisha kosana na Sheikh, na fat'wa ikawa fimbo ya kumpigia. Mwanafunzi wake, Rashid Ridha, alimtetea katika jarida la Al-Manar, na wanazuoni kadhaa wa Al-Azhar wakasimama upande wake.

Tukiitazama kwa insafu, fat'wa ile ina sehemu mbili zisizolingana. Suala la kutosoma Bismillahi halikupasa kuwashitua Mashafii, maana kwetu ni sunna na kuiacha hakuharamishi kichinjwa. Kwa Mahanafi, kuiacha kwa makusudi ni jambo zito. Ama suala la shoka, sisi hatumfuati Ibnul Arabi kwa ukamilifu. Aya iliyoharamisha aliyepigwa imemtoa yule aliyewahiwa kuchinjwa, na Mashafii wameshurutisha awe bado na uhai uliothibiti kisu kinapopita. Basi jawabu linategemea jambo la kushuhudiwa: je, ng'ombe yule alikuwa hai au amekwisha kufa? Na Mufti aliyekaa Cairo hakuwa na njia ya kulishuhudia.

Hapo ndipo tunapoona haja ya vyombo vya leo vya kuthibitisha nyama halali, ambavyo havikuwapo zama zake. Afrika Kusini kwenyewe, Baraza la Muslim Judicial Council liliundwa Cape Town mwaka 1945 na likaja kutoa vyeti vya halali, na mwaka 1996 ikaanzishwa SANHA kwa kazi hiyo. Mkaguzi husimama machinjioni akatazama kwa macho yake. Na mzozo umebaki pale pale, ila shoka limeachia nafasi umeme na bastola ya kuzimulia wanyama.

Al-Manar ilivuka bahari hadi pwani yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waliozisoma fikra hizo na kuzieneza kwa Kiswahili katika miaka ya 1930.

Sheikh Abduh alijiuzulu katika baraza la Al-Azhar mwaka 1905 na, akiwa tayari mgonjwa, akafariki Alexandria tarehe 11 Julai mwaka huo huo, sawa na Mfunguo Nane 1323. Alizikwa Cairo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Majibu ya wasafiri wetu, Inshaallah, Ijumaa ijayo.