Robert Koch: daktari wa vijidudu aliyefika Ziwa Victoria

Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, Machi 13, wengi wetu tulijiuliza swali moja: tutakutanaje bila kuambukizana? Wakati wa korona swali lilikuwa hilohilo, na katika nchi nyingi vikundi vya mazoezi, vikiwemo vya yoga, vilitoka kumbini vikahamia viwanjani, watu wakiachiana nafasi. Leo, msikilizaji wetu, tunakuletea maisha ya mtu aliyehangaika na maswali kama hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ambaye kazi yake iligusa mkoa wetu wa Kagera.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 huko Clausthal, Ujerumani, katika familia yenye watoto wengi. Baba yake alifanya kazi ya migodi. Alisomea udaktari, akaenda kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini na chumba nyumbani kwake.

Wafugaji wa Ngara na Biharamulo wanaujua ugonjwa wa kimeta. Huko Wollstein nako kimeta kilikuwa kinaua mifugo. Mwaka 1876 Koch alionyesha kijidudu kinachokisababisha, na kwamba kijidudu hicho hujifunika kwa ganda gumu na kukaa ardhini kwa miaka mingi. Ndiyo maana mpaka leo tunaambiwa tusichune wala kula mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla.

Machi 24, 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Miaka michache baadaye alieleza kwamba mwanga wa jua unakiua kijidudu hicho. Ushauri tunaousikia zahanati, wa kufungua madirisha na kuruhusu jua na hewa viingie, una mizizi katika kazi hiyo. Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuithibitisha vya kutosha. Dawa haikuponya, na jina lake likaingia doa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg. Koch alitumwa na serikali. Mikusanyiko ilizuiwa, shule zikafungwa, na maji yaliyochemshwa yakapelekwa mitaani kwa mikokoteni. Watu hawakuachwa na amri tu. Walipewa na maji salama ya kunywa.

Baadaye alikuja katika sehemu ya Afrika Mashariki ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Mwaka 1898, akiwa Dar es Salaam, alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Safari iliyomleta karibu zaidi nasi ni ya mwaka 1906. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeshaua watu wengi mno kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, ng'ambo ya pwani ya Bukoba. Hapakuwa na hospitali ya kuwatosha wagonjwa, hivyo tiba ilitolewa kambini, wengi wakilala katika vibanda vya nyasi. Habari zilipoenea, watu walivuka maji kwa mitumbwi kuja kutafuta nafuu, na waliotibiwa walizidi 1,000.

Dawa aliyowachoma iliitwa atoxyl na ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wagonjwa wengi walipata nguvu. Koch akaongeza dozi, na baadhi yao wakapofuka, wasione tena. Aliacha dozi hizo kubwa, lakini macho hayakurudi. Watu hao walikuwa chini ya utawala wa kikoloni, na dawa ilikuwa bado inajaribiwa juu ya miili yao.

Koch alishauri pia vichaka vifyekwe na wagonjwa wakusanywe katika kambi. Upande wetu kambi ilifunguliwa Kigarama, Kiziba, mwaka 1907. Koch alirudi Ujerumani mwaka huohuo, akafa Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, akiwa na miaka 66.

Tunamkumbukaje mtu huyu? Aligundua vijidudu ambavyo maarifa yake yanaokoa watu hadi leo. Hatuwezi pia kuwasahau waliovuka ziwa wakitafuta uzima wakarudi vipofu. Kambi ya hewa safi haikutosha kuwalinda. Huduma salama inahitaji pia mgonjwa aelezwe anachopewa, aulizwe, na aweze kukataa.

Mbung'o bado wapo katika mapori yetu. Ukiumwa naye kisha ukapata homa, usingoje usingizi wa mchana uanze. Wahi zahanati, mweleze mhudumu ulikopita, na umuulize dawa anayokupa ni ipi na ina madhara gani. Kuuliza ni haki yako.