Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefanya ushairi kuwa mchezo wa barazani

Takriban karne mbili kabla ya ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza kuzinduliwa mwaka 2013, nyanda hizo za Ukambani zilihusiana na Mombasa kwa njia nyingine kabisa. Misafara ya wafanyabiashara Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Pwani. Mji walioufikia ulikuwa wa majahazi, mizinga na fitina za utawala, na malenga wake mkuu alikuwa Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy.

Muyaka anakadiriwa kuzaliwa mjini humo mwaka 1776. Alikulia chini ya watawala wa ukoo wa Mazrui, akawa karibu nao, na sauti yake ikawa silaha yao. Hata hivyo hakuwa mtu wa ikulu tu. Alitunga kuhusu mapenzi, ufukara, safari za baharini na biashara zilizokwenda mrama. Kabla yake, tungo ndefu zilizoheshimiwa zaidi zilikuwa za dini. Yeye aliuchukua ushairi akauweka sokoni na barazani, na beti fupi za mizani 16 zikawa ndizo mazungumzo ya mji.

Barazani ndipo palipochezwa bao pia, na Muyaka ana shairi kuhusu mchezo huo. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa bao katika fasihi ya Kiswahili. Asiyelijua bao kuu na afahamu kwamba lina mashimo 32 na kete 64, na kwamba kete zinazoliwa haziondolewi ubaoni. Aliyezila huzipanda upande wake na kuzitumia dhidi ya mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna maelezo bora kuliko hayo ya namna malenga wa enzi ile walivyojibizana. Mmoja alitupa fumbo, na mwenzake alilichukua neno lile lile, akalifuata kwa mizani na vina, kisha akamrudishia likiwa limegeuka makali. Watazamaji nao hawakukaa kimya. Walipima kila jibu, wakalihifadhi kichwani na kulipeleka mtaa wa pili kabla ya jua kutua.

Mchezo huo ulikuwa na gharama. Mnamo mwaka 1812 au karibu na hapo, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Muyaka alikuwa amewachochea wenzake na kuwakejeli mahasimu, na Lamu ilikuwa na malenga wake wa kumjibu, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi. Baada ya Shela, Lamu ilitafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Mazrui hawakukubali kumtii, na kuanzia 1824 hadi 1826 walijikinga chini ya bendera ya Uingereza. Katika miaka hiyo yote beti za Muyaka ziliwatia moyo watu wa mji wake, nyingine zikiwa zimefumbwa kiasi cha kueleweka na wenyeji pekee.

Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji. Viongozi wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Muyaka aliishi miaka mitatu tu zaidi, akafariki mwaka 1840 bila kuona hata ubeti wake mmoja ukipigwa chapa.

Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, na huenda zingepotelea huko. Aliyeziokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, aliyezikusanya kutoka kwa waliozikumbuka na kumsaidia mmisionari William Taylor kuzielewa. Sikujua alifariki mwaka 1890. Jina lake hutajwa mara chache mno, ingawa bila yeye tungekuwa na sifa za Muyaka bila Muyaka mwenyewe. William Hichens alichapisha diwani hiyo Johannesburg mwaka 1940, karne moja kamili tangu malenga kuzikwa, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana.

Waliomjibu Muyaka hawakubahatika kiasi hicho. Baadhi ya mafumbo yake tunayasoma leo pasipo kumjua aliyelengwa.